Maisha ya Bwana Carey Francis, Mwalimu wa Hesabu na wa Mpira

Katika nchi yetu ya Mara, tangu Buswahili hata Butiama, na tangu Bunda hata ufuko wa Musoma, ni shida kuona kijiji kisicho na uwanja wa mpira. Pengine uwanja huo ni kipande cha malisho tu, na magoli yake ni miti miwili iliyochomekwa ardhini. Jua likipoa watoto hukusanyika hapo, na wasio na mpira wa ngozi hujifungia wa matambara kwa kamba ya katani. Wazazi wengine hunung'unika wakiona hivi, wakisema ya kwamba mpira unawaiba watoto katika kazi na masomo. Nao waalimu wengine huwaachia watoto uwanja, wakaenda zao kupumzika, kana kwamba mchezo hauna haja ya mwalimu.

Kwa ajili ya hao wote tumeona vema kueleza habari za mtu mmoja aliyekuwa na elimu nyingi mno, wala hakuona haya kuzitumia jioni zake uwanjani pamoja na wavulana. Jina lake Edward Carey Francis. Alikufa mwaka 1966, lakini jina lake katika Kenya halijafutika hata leo. Wala kwetu si mgeni kabisa, kwa kuwa kazi yake ya kwanza katika Afrika aliifanya upande wa pili wa ziwa letu, huko Maseno karibu na Kisumu, katikati ya Waluo na Waluhya; na Waluo wa Shirati na Rorya ni ndugu za watu wale.

Carey Francis alizaliwa tarehe 13 Septemba 1897 huko Hampstead, katika mji wa London. Alisoma katika shule iitwayo William Ellis, na tangu utoto alijulikana kwa mambo mawili: akili ya hesabu na mapenzi ya michezo. Watu wengi hudhani ya kwamba mambo haya hayapatani, ya kuwa mtoto wa kitabu hawi mtoto wa uwanjani. Kwake yeye yalipatana vizuri. Alipokuwa kijana Vita Kuu ya kwanza ilimkuta, naye akaingia jeshini katika kikosi cha mizinga, akapelekwa Ufaransa. Huko aliona vijana wa umri wake wakifa kwa maelfu. Yeye alirudi mzima.

Baada ya vita aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, akasoma hesabu, akafaulu kwa daraja la juu kabisa. Mwaka 1922 akachaguliwa kuwa mmoja wa waalimu wa chuo cha Peterhouse, kilicho cha zamani kupita vyote katika Cambridge. Basi hapo alikuwa na kila kitu ambacho mtu wa elimu hukitamani: heshima, mshahara, nyumba nzuri, na wakati wa kutosha wa kufanya utafiti. Pamoja na mtaalamu mkuu wa hesabu, J. E. Littlewood, alitunga kitabu cha mazoezi ya hesabu za juu, nacho kilichapwa mwaka 1928.

Lakini mwaka ule ule kitabu kilipotoka, mtunzi wake alikuwa akifunga mizigo. Alikuwa ameamua kuacha Cambridge na kwenda Afrika kuwa mwalimu wa misioni, chini ya chama cha wamisionari wa Kianglikana kiitwacho CMS. Rafiki zake wengi walistaajabu. Waliona ya kuwa mtu mwenye elimu ya namna ile anakwenda kuipoteza porini, akiwafundisha watoto kujumlisha na kutoa. Yeye hakuona hivyo. Mwezi wa Oktoba 1928, akiwa na umri wa miaka 31, alifika Maseno kuwa mkuu wa shule.

Maseno ni mahali palipo juu ya mstari wa Ikweta wenyewe, na shule yake ilianzishwa mwaka 1906. Wavulana waliletwa huko kutoka vijiji vya Nyanza yote, wengine wakitembea kwa miguu mwendo wa siku kadha wa kadha. Ndiyo miaka ile ile ambayo kwetu Julius Nyerere wa Butiama alipelekwa kusoma Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Shule zilikuwa chache, nao waliochaguliwa kuingia walikuwa wachache mno. Na kila mmoja wao alibeba matumaini ya ukoo mzima.

Mpira wa miguu ulikuwa umekwisha kufika katika nchi hizi kabla yake. Katika Uganda husimuliwa ya kwamba wamisionari wa CMS ndio walioanza kuufundisha, naye George Pilkington, aliyetafsiri Biblia kwa Kiganda, hutajwa kuwa ndiye aliyeuleta mwaka 1897, mwaka wa kufa kwake. Huko Unguja wanafunzi wa misioni ya Kiungani waliucheza hata kabla ya karne ya 19 kwisha. Na mwaka 1926, miaka miwili kabla ya Carey Francis kuja, Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni. Tanganyika iliingia katika mashindano hayo mwaka 1945. Basi yeye hakuuleta mpira. Kazi yake ilikuwa nyingine: aliuchukua mchezo ambao vijana walikwisha kuupenda, akaufanya kuwa sehemu ya malezi.

Tuangalie jambo hili vizuri, maana ndani yake mna siri ya kazi yake yote. Mkuu wa shule ana mambo mengi: mishahara ya waalimu, chakula cha wanafunzi, barua za serikali, mitihani, magonjwa. Ni rahisi kumwachia mtu mwingine uwanja. Carey Francis, huko Maseno na baadaye huko Kikuyu, aliwafunza mpira yeye mwenyewe. Alivaa kaptula, akashuka uwanjani. Yule aliyeandika juu ya hesabu za juu huko Cambridge sasa alikuwa akimwonyesha mtoto wa mvuvi jinsi ya kuupokea mpira na kuutuliza kabla ya kuupiga.

Yafaa kueleza kidogo jinsi mpira ulivyochezwa siku zile, ili msomaji aone mwalimu alikuwa na kazi gani. Kwa kawaida timu ilipangwa hivi: mlinda mlango mmoja, mabeki 2, watu wa katikati 3, na washambuliaji 5 mbele. Lakini mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa. Zamani ilitakiwa mshambuliaji awe na wapinzani 3 mbele yake mpira upigwapo. Tangu mwaka ule walitosha 2. Badiliko hili laonekana dogo, lakini liligeuza mchezo mzima. Magoli yaliongezeka, nao waalimu wa Uingereza, hasa Herbert Chapman wa Arsenal, wakaanza kumrudisha mtu wa katikati nyuma awe beki wa tatu. Carey Francis alipotoka Ulaya sheria hiyo ilikuwa na miaka 3 tu. Kwa hiyo aliwajia vijana wa Maseno wakati ambapo mpira wenyewe ulikuwa shuleni, ukijifunza upya.

Tena tukumbuke ya kwamba siku zile mchezaji hakubadilishwa. Waliingia watu 11, na mmoja akiumia, waliobaki walicheza 10 hata mwisho. Wengi katika Afrika ya Mashariki walicheza miguu mitupu. Hata mwaka 1956, timu ya Uganda ilipokwenda kutembea Uingereza, ilicheza bila viatu mbele ya Waingereza wenye viatu. Kwa sababu hizi mwalimu hakuweza kutegemea wingi wa watu wala vifaa. Alitegemea mafundisho. Ilimpasa kila kijana ajue kazi yake na kazi ya mwenzake pia, apate kuziba pengo likitokea.

Hapo ndipo mtu wa hesabu alipofaa. Kijana asiyefundishwa huufuata mpira kama kuku wafuatao punje. Wote hukimbilia mahali pamoja, na uwanja uliobaki huwa mtupu. Mwalimu huwafundisha kuona nafasi. Wachezaji 3 wakisimama kwa pembe tatu, adui mmoja hawezi kuwazuia wote, kwa maana akimwendea mmoja, wawili wako huru. Hili si jambo la nguvu, ni jambo la kufikiri. Na kijana akilifahamu, huacha kujionyesha kwa chenga zisizo na maana, huanza kuuachia mpira upesi, kisha hukimbilia mahali pa kuupokea tena. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Uwanja wa mpira ni mahali ambapo kijana anaweza kuyaona maneno hayo kwa macho yake katika dakika 90.

Wala si wachezaji 11 tu waliofunzwa. Katika shule za bweni za siku zile michezo ilikuwa wajibu wa kila mwanafunzi, kama vile hesabu na kama vile kufagia. Shule iligawanywa katika nyumba, na kila nyumba ilikuwa na timu zake, za wakubwa na za wadogo. Faida yake ni hii: kijana mnyonge aliyeletwa kutoka kijijini, ambaye miguu yake bado haijui mpira, hakuachwa nje ya mstari. Alipewa nafasi katika timu ya wadogo, akafunzwa, akakua. Samaki mkunje angali mbichi. Mwalimu achaguaye tu wale walio tayari ni mvunaji, si mkulima. Huvuna asichopanda, na msimu ujao hana kitu. Lakini mwalimu afundishaye wadogo hata wale wanaojikwaa, huyo hakosi wachezaji kila mwaka.

Mwaka 1940 Carey Francis aliitwa kuwa mkuu wa Alliance High School, Kikuyu, kilomita kama 20 kutoka Nairobi. Shule hii ilifunguliwa mwaka 1926 na umoja wa misioni za Kiprotestanti, nayo ilikuwa ya kwanza katika Kenya kuwapa Waafrika elimu ya sekondari. Mkuu wake wa kwanza alikuwa G. A. Grieves. Carey Francis aliiongoza kwa miaka 22, hata mwaka 1962. Katika miaka hiyo ikawa shule ambayo kila mzazi katika Kenya aliitamani kwa mwanawe. Wavulana walitoka pwani kwa Wagiriama, walitoka Ukambani, Nyanza, Meru na Kisii. Makabila yasiyojuana yakalala katika bweni moja na kula chakula kimoja. Uwanjani waliwekwa katika timu moja. Mtu wa kabila hili alipasa kumtolea pasi mtu wa kabila lile, kwa sababu aliye karibu na goli ndiye apewaye mpira, hata awe mtoto wa nani.

Maisha ya shule yalikuwa magumu. Kengele iliamsha watu mapema, usafi ulikaguliwa, wanafunzi walifanya kazi za mikono wenyewe, wala haikukubaliwa mtu aliyefika kidato cha juu kudharau ufagio. Carey Francis hakuoa. Shule ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Aliishi kwa vitu vichache, wala hakujilimbikizia mali. Alikuwa mkali, na wengi walimwogopa. Lakini ukali wake haukuchagua: aliwadai wanafunzi kuwahi, naye aliwahi, aliwadai kufanya kazi, naye alifanya kuliko wao.

Sasa tutaje jambo lililokuwa zito zaidi. Kenya ya siku zile iligawanyika kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikuwa na shule zao, Wahindi zao, Waafrika zao. Mwafrika hakuruhusiwa kuingia katika hoteli nyingi, wala kumiliki shamba katika nyanda za juu zilizowekwa kwa ajili ya Wazungu. Katika Nairobi wana wa Wazungu walisoma Prince of Wales School, iliyofunguliwa mwaka 1931, na baadaye Duke of York School. Lakini katika miaka ya 1950 vijana wa Alliance walikutana na vijana wa shule hizo katika michezo. Fikiri, msomaji, maana ya jambo hili. Njiani sheria ya mmoja haikuwa sheria ya mwenzake. Uwanjani sheria ilikuwa moja. Mstari wa chokaa haukujua rangi ya mguu unaouvuka, na filimbi ya refa ilimsimamisha mwana wa bwana shamba sawasawa na mwana wa kibarua wake. Kijana wa Kiafrika aliyepata kucheza katika uwanja kama huo hakuhitaji kuhubiriwa ya kuwa watu ni sawa. Alikwisha kuona.

Hayo ndiyo mafundisho ambayo mwalimu huyapanda, na pengine yeye mwenyewe hajui yatamea namna gani. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Shule ya Alliance ilikuwa katikati kabisa ya nchi ya Wakikuyu. Wanafunzi wengi walikuwa na baba waliofungwa, kaka walioingia msituni, mama waliohamishwa kwa nguvu. Carey Francis aliwapinga Mau Mau, maana alichukia viapo vyao na mauaji yao. Lakini hakunyamaza pia juu ya ukatili wa askari wa serikali; aliusema na kuulalamikia, ingawa baadhi ya Wazungu wenzake hawakupenda kuusikia. Shule haikufungwa. Masomo yaliendelea, na jioni mpira ulipigwa, ingawa nje ya ua risasi zilikuwa zikilia katika nchi.

Haitupasi kumsifu mtu kupita kweli. Wapo wanafunzi wake waliomlaumu, na lawama yao ina sababu. Alikuwa mtu wa zama zake na wa taifa lake. Aliamini ya kuwa Waafrika wataongoza nchi yao, lakini hakuona upesi, kama walivyoona wao, ya kwamba saa yenyewe imekwisha kufika. Alikuwa kama baba amwonaye mwanawe kuwa mtoto bado, hali ndevu zimemwota. Oginga Odinga, aliyesoma Maseno na baadaye kufundisha huko, alikuja kuwa mpiganiaji mkuu wa uhuru, na njia yake na ya mwalimu wake zikaachana. Achieng Oneko, aliyesoma Maseno pia, alikamatwa pamoja na Jomo Kenyatta mwaka 1952, akakaa kizuizini hata mwaka 1961. Mwalimu aliyewafundisha vijana kusimama wima hawezi kuchagua ni mbele ya nani watakaposimama.

Hili ndilo jaribu kuu la kila afundishaye, awe mzazi, awe mwalimu wa dini, awe mfunza mpira. Mchezo uanzapo, mwalimu lazima atoke nje ya mstari. Amefundisha wiki nzima; sasa hana ruhusa kuugusa mpira. Atamwona kijana wake akifanya asivyotaka yeye, pengine akikosea, pengine akifanya lililo bora kuliko alivyofundishwa. Yeye atakaa kando tu. Wako waalimu wasioweza kuvumilia hayo. Hupiga kelele tangu mwanzo hata mwisho, na wachezaji wao hawathubutu kufikiri. Timu ya namna hiyo ikikosa sauti ya mwalimu huanguka.

Na katika jambo hili Carey Francis alishinda mwishoni, kwa namna iliyowagusa hata waliomlaumu. Mwaka 1962 aliacha ukuu wa Alliance. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ilipata uhuru, na katika baraza la mawaziri na katika ofisi kubwa za serikali walikaa watu wengi waliopita katika mikono yake. Odinga akawa makamu wa rais mwaka 1964. Ronald Ngala na Julius Kiano, waliosoma Alliance, walikuwa miongoni mwa viongozi wa nchi. Ngugi wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi huko tangu 1955 hata 1958, akawa mwandishi ajulikanaye duniani pote. Mtu mwingine katika hali ya Carey Francis angalirudi Uingereza kupumzika, au angalikaa Nairobi akingojea kuheshimiwa na wakubwa aliowafundisha.

Yeye hakufanya hivyo. Alikwenda Pumwani. Pumwani ni mtaa wa zamani wa Waafrika katika Nairobi, mtaa wa watu wa kipato kidogo, wengi wao Waislamu na wasemao Kiswahili. Palikuwa na shule ya sekondari isiyo na jina kubwa. Huko yule aliyekuwa mkuu wa shule kwa miaka 34, kwanza Maseno, kisha Alliance, akaingia kuwa mwalimu wa kawaida chini ya mkuu mwingine. Alifundisha tena vijana wa mwanzo, wale ambao hakuna aliyewatazamia kuwa mawaziri. Aliyekuwa kepteni wa timu akakubali kucheza nafasi yoyote apewayo. Hivyo mafundisho aliyowapa vijana wa Maseno na Kikuyu jioni nyingi uwanjani, ya kuwa mchezaji hucheza kwa ajili ya timu na si kwa ajili ya jina lake, aliyatimiza mwenyewe akiwa mzee.

Alikufa akiwa katika kazi hiyo, mwezi wa Julai 1966, naye hajatimiza miaka 69. Alizikwa Kikuyu katika shule ya Alliance. Watu wakubwa wa serikali mpya walikuja kumzika, pamoja na waalimu, wanafunzi na watu wasio na cheo. Miongoni mwa hao wakubwa walikuwamo waliowahi kuadhibiwa naye, na waliopingana naye katika siasa. Walikuja wote, maana mwana hasahau mkono uliomshika alipokuwa akijifunza kutembea, hata kama baadaye waligombana.

Basi, ndugu waalimu na viongozi wa vijana, habari za mtu huyu zatufundisha nini sisi wa Mara? Leo shule zetu za sekondari hushindana kila mwaka katika michezo ya UMISSETA, na za msingi katika UMITASHUMTA. Ni jambo jema. Lakini yako majaribu. Mwalimu akitamani kombe kuliko vijana, ataingiza wachezaji wasio wanafunzi, au wenye umri usio wa kweli. Atawachosha walio hodari na kuwatupa walio wadogo. Atawafundisha kumlaani refa. Huyo akirudi na kombe, amerudi na bati. Na vijana wake wamejifunza ya kwamba udanganyifu hulipa. Watakapokuwa makarani wa fedha za kijiji, au wazee wa mtaa, watakumbuka mafundisho hayo.

Lakini mwalimu anayeshuka uwanjani mwenyewe, anayeanza na wadogo, anayemwonyesha kijana mnyonge jinsi ya kuutuliza mpira bila kumdhihaki, anayemwambia aliye hodari aachie pasi, anayekubali hukumu ya refa hata ikiwa chungu, huyo anajenga watu. Hahitaji uwanja wa nyasi za Ulaya. Malisho ya Buswahili yanatosha, na miti miwili, na mpira mmoja, na uvumilivu wa miaka mingi. Pengine hatapata kombe hata moja. Pengine wale aliowafundisha wataondoka wasirudi, au watarudi wakiwa wakubwa kuliko yeye, na kumpinga. Na avumilie hayo pia, kwa sababu ndiyo matunda ya kazi iliyofanyika vizuri.

Nanyi wazazi, msiwanyime watoto jioni moja uwanjani, ila ulizeni ni nani aliye pamoja nao huko. Kama hakuna mtu, shaurianeni na waalimu, mtafute mmoja mwenye tabia njema na moyo wa subira, mkampe kazi hiyo na heshima yake. Mtu aliyeacha Cambridge kwa ajili ya watoto wa ng'ambo ya ziwa letu aliiona kazi hiyo kuwa inastahili maisha yake yote. Sisi tulio wenyeji, na watoto ni wetu, tusiione kuwa ndogo.